Katuni zikivaa mwili: mabinti walionoga na waliopwaya

Disney imekuwa ikizigeuza katuni zake za mabinti kuwa filamu zenye waigizaji halisi. Kabla ya yote, angalia saa. Katuni ya Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ina dakika 84. Filamu ya 2017, yenye waigizaji halisi, ina dakika 129. Ariel, nguva wa The Little Mermaid ya 1989, alimaliza habari yake kwa dakika 83, Ariel wa 2023 anahitaji 135. Jasmine wa Aladdin ametoka 90 hadi 128. Kisa hakijarefuka, kwa sababu laana ni ile ile, mchawi ni yule yule na harusi ndiyo hiyo hiyo. Dakika zilizoongezeka karibu zote amepewa binti mwenyewe: mama aliyefariki, ufundi fulani, wimbo mpya, na maelezo ya kwa nini yuko alivyo.

Studio ina sababu ya kufanya hivyo. Mabinti wa zamani walilala sana, walingoja sana, na wengine hawakuongea. Lakini mkono unaoongeza ndio huo huo unaopunguza, na kinachopunguzwa ni kosa. Binti wa katuni alitaka kitu kwa pupa, akakosea, akalipa, akabadilika. Binti mpya mara nyingi anaingia kwenye filamu akiwa ameshaiva, anangoja tu watu waliomzunguka watambue. Kwa hiyo kila filamu hapa imepimwa kwa maswali matatu: anataka nini mwanzoni, anakosea wapi na kosa linamgharimu nini, na mwishoni nani anamaliza kazi.

Mulan ndiye aliyepwaya kuliko wote, japo si binti wa hadithi za vichimbakazi bali wa utenzi wa kale wa Kichina. Studio imemweka kwenye kundi hilo, nasi tumwache humo. Kumbuka mlingoti wa katuni ya 1998. Mshale umechomekwa juu kabisa, na kila askari anatakiwa kuufuata akiwa amefungwa vyuma viwili vizito mikononi. Wanaume wenye misuli wanaanguka mmoja baada ya mwingine, naye anaanguka kama wao. Usiku, ameshaambiwa afungashe arudi kwao, anarudi mlingotini, anaanguka tena, kisha anavirusha vile vyuma nyuma ya mlingoti vikakabana vyenyewe na kugeuka kitanzi cha kupandia, kama cha mkwezi. Mzigo umekuwa nyenzo. Hakuna mtu aliyesema neno, na mtazamaji ameshaelewa kwamba huyu atawashinda kwa akili, si kwa nguvu.

Katika filamu ya 2020 iliyoongozwa na Niki Caro, Mulan ana chi, nguvu ya ndani ya kivita, tangu utotoni. Tunamwona akiwa mtoto anakimbiza kuku juu ya mapaa kwa wepesi usio wa kawaida, na baba yake anamwonya afiche kipaji hicho. Jaribio la mlingoti limegeuzwa kuwa kupanda mlima na ndoo za maji. Anaposhindwa, tunajua anajizuia. Anapoweza, ameacha kujizuia, basi. Hajajifunza lolote ambalo askari wa kawaida angeweza kujifunza. Wameondoa pia nyimbo, joka dogo Mushu, na lile tukio la kukata nywele kwa upanga. Nyimbo na Mushu vingeweza kuondoka bila hasara kubwa, maana filamu ya vita ina haki ya kunyamaza. Kuondoa udhaifu ndiko kulikoivunja miguu.

Kuna jambo moja jema humo, nalo linastahili kutajwa. Katika katuni siri yake inafichuka kwa jeraha: anapigwa upanga, mganga anamfungua nguo. Katika filamu anavua deraya mwenyewe, anaachia nywele, anarudi vitani akionekana alivyo. Uamuzi umetoka kwake. Tatizo ni kwamba dakika chache baadaye mbinu ya kuporomosha theluji, ambayo mwaka 1998 ilikuwa roketi moja iliyobaki na sekunde za kufikiri, inakuwa hila ya kofia za chuma zilizopangwa juu ya mawe, na inapita haraka mno hata ukiirudisha nyuma huioni vizuri.

Ariel anahitaji nafasi zaidi, kwa sababu hapo kuna faida na hasara zilizochanganyika kama mchele na chuya. Filamu ya 2023, Rob Marshall akiongoza na Halle Bailey akiigiza, imemwongezea Ariel jambo la maana: kiu ya kujua. Eric, mwana wa mfalme anayempenda, naye ni mkusanyaji wa vitu na ramani, na wawili hao wanapokutana kwenye chumba chake cha kumbukumbu wanazungumza lugha moja ingawa mmoja hana sauti. Tazama jinsi jina linavyopatikana. Katika katuni, rafiki yake kaa anamnong'oneza Eric. Katika filamu, wako kwenye mashua usiku, Eric anaonyesha nyota na kutaja majina yake, na akifika kwenye kundi la Kondoo, ambalo jina lake la Kilatini linaanza kama jina la Ariel, binti anaikamata silabi hiyo kwa mikono na midomo mpaka jina linatimia. Amejitaja mwenyewe, bila sauti, kwa kutumia kitu ambacho mwenzake anakipenda. Hapo ndipo dakika 52 za ziada zinapolipa.

Sasa hasara. Ursula, mchawi wa baharini anayempa miguu kwa bei ya sauti, mwaka 2023 anaongeza sharti la siri kwenye uchawi wake: Ariel atasahau kwamba anatakiwa kupata busu ndani ya siku tatu. Nia inaeleweka, wasitake aonekane binti anayemkimbiza mwanaume. Lakini fikiria kinachotokea kwenye kiti cha mtazamaji. Katika katuni, jua likizama siku ya pili, Ariel anajua, nawe unajua, na kila mashua inapoyumba moyo unapiga. Katika filamu wanaojua ni kaa, ndege na samaki. Binti amekuwa mtalii mwenye furaha, na wasiwasi wote umehamia kwa wanyama waliotengenezwa na kompyuta, ambao nyuso zao hazina uwezo wa kuubeba. Yaani kosa lake limefutwa kwenye kumbukumbu yake mwenyewe.

Mkasi mwingine umepita kwenye wimbo wa Ursula. Ubeti unaomwambia Ariel kwamba wanaume wa nchi kavu hawapendi mwanamke mwenye maneno mengi umeondolewa. Mtunzi Alan Menken alieleza kwamba walihofia wasichana wadogo wangeuchukua kama ushauri, ingawa anayeimba ni mlaghai. Hofu ya kweli, dawa mbaya. Ubeti ule ulikuwa chambo kwenye ndoana. Ursula anauza uongo kwamba sauti haina thamani, Ariel anaununua, na kisa kizima kinakuja kuonyesha kwamba sauti ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko vyote. Ukiondoa uongo, na ukweli unabaki unaning'inia. Ule wimbo wa mashuani nao umerekebishwa ili kijana aambiwe aombe ruhusa kwa maneno kabla ya kubusu. Marekebisho hayo hayaumizi kitu. Masikio mengi hayatayagundua.

Mwisho wa filamu umegeuzwa kwa makusudi: mwaka 1989 Eric ndiye aliyeelekeza meli iliyovunjika kwenye mwili wa Ursula, mwaka 2023 usukani uko mikononi mwa Ariel. Vizuri, lakini tukio lenyewe lina giza zito, na picha ya chini ya maji inapoteza rangi zilizokuwa sifa kuu ya katuni. Waigizaji walining'inizwa hewani kwenye mitambo, bahari ikaongezwa baadaye kwa kompyuta. Matokeo yake ni kwamba nyuso zinaonekana vizuri zaidi nchi kavu, na Bailey, ambaye ana uso unaosema, anapata uhuru wake anapopoteza mkia. Waandishi walijua hatari ya binti bubu kwa sehemu kubwa ya filamu, ndiyo maana wakamtungia wimbo wa moyoni anapofika nchi kavu. Mchoraji Glen Keane, mmoja wa waliomwongoza Ariel wa penseli, hakuhitaji wimbo huo. Macho ya katuni yanakaribia theluthi ya uso, nyusi zinapanda mpaka zinapotaka, na mtoto wa miaka mitatu anasoma kila wazo. Mwigizaji wa nyama na damu akifanya hivyo ataonekana mwendawazimu. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya ziada katika filamu hizi zote inatokana na hilo tu: maneno yanaziba pengo lililoachwa na macho.

Kwa aliyesoma hadithi ya Hans Christian Andersen ya 1837, ugomvi kuhusu katuni na filamu ni wa watoto wa nyumba moja. Nguva wake anakatwa ulimi, kila hatua anayopiga inamchoma kama kisu, mwana wa mfalme anaoa mwingine. Katuni ndiyo iliyoanza kupunguza bei.

Belle wa Beauty and the Beast ya 2017 ni mfano wa kiraka kilichoshonwa vizuri mahali pasipo na tundu. Katika katuni, mvumbuzi alikuwa baba yake. Filamu imempa baba kazi ya kutengeneza visanduku vya muziki, na uvumbuzi ukahamishiwa kwa binti. Emma Watson, anayemwigiza Belle, anafunga pipa la nguo kwa punda, punda anazunguka, nguo zinafuliwa, yeye anapata nafasi ya kumfundisha msichana mdogo kusoma. Wanakijiji wanakasirika, wanamwaga nguo chini. Tukio zuri: linaonyesha gharama ya kuwa tofauti, jambo ambalo mwaka 1991 liliimbwa tu. Halafu? Halafu mashine inasahauliwa. Ndani ya kasri uvumbuzi wake hauna kazi zaidi ya kufunga vitambaa kuwa kamba ya kutorokea, na hatoroki nayo. Hata wanapofungiwa kwenye gari karibu na mwisho, baba ndiye anayeeleza kufuli inavyofanya kazi na kwamba inahitaji kitu chembamba chenye ncha. Belle anatoa pini ya nywele. Mvumbuzi wa filamu amekuwa mtoa pini.

Nguo, kwa upande mwingine, zimefanya kazi iliyokusudiwa. Watson alikataa koseti, lile vazi la kubana kiuno, na mbunifu Jacqueline Durran akamtengenezea mavazi ya kijijini yenye sketi iliyopandishwa na kuchomekwa kiunoni, pamoja na viatu vya buti badala ya vile vyepesi vya katuni. Matokeo yanaonekana kwenye mwendo: anatembea kwa hatua ndefu, anapanda farasi bila kufikiria nguo, na anaporudi kumwokoa Mnyama anaivua gauni ya njano ili imwachie miguu. Hasara ni gauni lenyewe, ambalo bila muundo wa ndani linakosa uzito kwenye dansi. La katuni lilizunguka kama kengele, hili linapeperuka.

Mabadiliko bora zaidi kwake hayazungumzwi sana. Baba anakamatwa kwa kuchuma ua waridi ambalo Belle alimwomba amletee, kama ilivyo kwenye masimulizi ya Kifaransa ya karne ya 18. Katuni ilikuwa imeliondoa ombi hilo. Na kubadilishana kwa wafungwa ni kwa hila: Belle anamkumbatia baba, anamsukuma nje ya seli, anabaki ndani mlango ukifungwa. Hilo ni tendo, lina gharama, na linafanyika kwa sekunde tano. Kitabu cha uchawi cha Mnyama kinachowapeleka Paris kuona mama alivyokufa kwa tauni kinachukua muda mrefu zaidi, kinatoa machozi machache, na baadaye hakitumiki tena. Ukijiuliza kwa nini wasikitumie kumrudisha kwa baba yake, umeshaona tundu walilolitoboa wenyewe. Uimbaji unasikika umepigwa pasi na kompyuta kupita kiasi, hasa ukiusikiliza mara tu baada ya Paige O'Hara, sauti ya Belle wa 1991.

Jasmine wa 2019 tunaweza kumpitia haraka. Naomi Scott ana sauti, ana msimamo, na amepewa wimbo mpya wa kukataa kunyamazishwa, unaokuja kwa vipande viwili. Amepewa pia rafiki, Dalia, na hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu katika katuni alizungumza na chui milia tu na wanaume. Anataka kuwa sultani, si kuchagua mume pekee, na mwishoni anakuwa. Kasoro iko kwenye kile kipande cha pili cha wimbo. Anaimba, walinzi wanageuka vumbi, kumbe ni mawazo yake. Kisha anamgeukia Hakim, mkuu wa walinzi, na kumshawishi kwa maneno ya kawaida. Maneno hayo ndiyo yaliyofanya kazi, bila muziki. Muda mfupi baadaye waziri mwovu Jafar anatumia taa ya jini kuufuta ushindi huo, na anayemnasa mwishoni ni Aladdin, kwa ujanja ule ule wa 1992. Ndoto ya usultani imewekwa juu ya kisa kama kilemba. Ukikivua, kichwa ni kile kile.

Cinderella ya 2015, iliyoongozwa na Kenneth Branagh, ndiyo iliyonoga, na inashangaza kwa sababu ndiyo iliyoongeza vitu vichache. Ella wa Lily James hana ufundi wala biashara wala upanga. Ana ahadi aliyompa mama yake akiwa kitandani anakufa: awe na ujasiri na awe na wema. Filamu nzima inaijaribu ahadi hiyo mpaka inamuuma. Anakutana na Kit msituni kabla ya dansi, akimwomba amwachie paa anayewindwa, bila kujua ni mwana wa mfalme. Kwa hiyo usiku wa dansi haendi kutafuta mume, anakwenda kumwona kijana anayemjua. Hitilafu ya katuni ya 1950, kupenda kwa dansi moja, imerekebishwa kwa tukio la dakika chache.

Kisha tukio la darini. Mama wa kambo, Cate Blanchett, ameshika kiatu cha kioo na anatoa biashara: atamruhusu Ella aolewe, mradi yeye apewe usimamizi wa nyumba ya mfalme na binti zake watafutiwe waume wa maana. Ni mlango wa kutokea, uko wazi. Ella anakataa, kwa sababu hakuweza kumlinda baba yake dhidi ya mwanamke huyo na hataki kumwachia Kit apate hayo hayo. Kiatu kinapigwa ukutani kinavunjika, mlango unafungwa. Mwaka 1950 kiatu kilivunjika kwa fimbo iliyomkwaza mjumbe, na Cinderella alikuwa na cha pili mfukoni: bahati. Hapa amekipoteza kwa uamuzi wake. Hiyo ndiyo tofauti ambayo Mulan na Jasmine hawakupewa. Panya bado wanasaidia, safari hii kwa kufungua dirisha ili wimbo wake usikike chini. Akiwa anatoka mlangoni anamwambia mama wa kambo kwamba amemsamehe, na Blanchett anaporomoka kwenye ngazi bila kupigwa.

Wapo waliolalamikia kiuno chembamba cha gauni la bluu la mbunifu Sandy Powell, na lalamiko lina uzito. Jambo dogo la kiufundi kwa wapenda viatu: kile cha kioo hakikuweza kuvaliwa. James alivaa cha ngozi, kioo kikapakwa na kompyuta baadaye.

Snow White ya Machi 2025, Rachel Zegler chini ya Marc Webb, imevurugwa na mambo ya nje ya filamu kiasi kwamba watu wengi wanaihukumu bila kuitazama. Ndani yake mna mawazo mazuri mawili. Jina halitokani tena na rangi ya ngozi. Alizaliwa usiku wa dhoruba ya theluji. Na mwishoni hamshindi malkia kwa silaha, anawaita walinzi kwa majina yao na kuwakumbusha walikuwa nani kabla ya kushika mikuki. Lakini wimbo wake wa kungoja mwana wa mfalme umetolewa, mwana wa mfalme amegeuzwa jambazi wa msituni anayeitwa Jonathan, na busu la kumwamsha limebaki pale pale. Ukiondoa kungoja ukaacha busu, umeondoa swali ukaacha jibu. Mbilikimo saba waliotengenezwa na kompyuta hawamsaidii mwigizaji: macho yake mara kadhaa yanatua pembeni kidogo ya pale zilipo nyuso zao.

Kuna kitu kingine ambacho mtazamaji wa Kiswahili anakikosa bila kosa lake. Filamu inachezea neno moja la Kiingereza, fair, ambalo lina maana ya uzuri na pia ya haki, kwa hiyo kioo kinapoulizwa nani anashinda wote, jibu linaweza kuwa na sura mbili. Sisi tunasema mzuri, au tunasema mwadilifu. Hatuna neno moja la kubeba yote. Tafsiri ya chini ya picha ikiandika "mzuri" mwanzo hadi mwisho, nusu ya hoja imezama. Anayewatafsiria watoto aseme "mwema" sehemu za kati, atakuwa amekaribia.

Aurora wa Maleficent ya 2014 hajabadilika kiasi cha kubishaniwa. Katika katuni ya 1959, Sleeping Beauty, anaonekana dakika zisizofika 20 kisha analala. Katika filamu anaonekana zaidi lakini kisa ni cha mchawi aliyemlaani, na busu la kumwamsha linatoka kwa mchawi huyo. Aurora anayaachilia mabawa ya mchawi yaliyokatwa na kufungiwa, na hilo ndilo tendo lake moja kubwa. Itazame kwa ajili ya Angelina Jolie.

Kwa anayetaka kulinganisha bila kukesha: usitazame filamu mbili nzima mfululizo. Chukua vipande vitatu kutoka kila upande, wimbo wa matamanio ulio kwenye dakika 20 za mwanzo, tukio la kosa au makubaliano, na dakika kumi za mwisho. Saa moja inatosha kwa binti mmoja. Anza na filamu mpya, kisha katuni, kwa sababu ukianza na katuni utakuwa unahesabu vilivyokosekana tu. Na wakati mmoja zima sauti kabisa. Katuni utaendelea kuielewa. Filamu ikikuacha gizani, ujue waandishi waliweka kwenye maneno kile ambacho binti alitakiwa kukifanya.

Kwa watoto walio chini ya miaka saba, Cinderella ya 2015 na Aladdin zinapita vizuri. Ariel wa 2023 mkatize kabla ya pambano la mwisho na uendelee siku inayofuata, maana dakika 135 ni nyingi na giza la mwisho linatisha. Kukatwa mabawa kwenye Maleficent hakuonyeshwi waziwazi, ila kilio cha anayeamka bila mabawa kinatosha kumnyima mtoto usingizi. Ruka dakika mbili. Mulan waachie wanaoshabikia mapigano, nao pia wapewe kwanza ule mlingoti wa 1998.